Povu la Nani Hilo, Dada Nyemo

Dada Nyemo,

Nimechoka, dada yangu, lakini nisipokuandikia nachoka zaidi. Tangu tukuzike kule Bahi hakuna aliyeletwa maabara kushika nafasi yako. Wanasema serikali inapunguza watu. Tumebaki bwana maabara na mimi, niliyekuwa naosha vioo ukanivuta kwenye darubini. Siku hizi wagonjwa wanachangia matibabu, na maduka ya dawa yamejaa mpaka stendi, ila kabati la hospitali lina penisilini tu.

Sasa mwanao Yona. Mwiba ulimchoma mguuni, mguu ukavimba, ukatoa usaha, homa usiku na mchana. Daktari alimwanzishia penisilini, akaniambia tupime. Wakiwa wale wadudu wa duara wanaojipanga kama shanga, sindano ziendelee. Wakiwa wale wanaokaa kichala kama zabibu, penisilini haitawaweza, nitafute dawa nyingine mjini. Nilishaulizia. Mpaka iagizwe Dar.

Nikapaka usaha kwenye kioo, nikatia rangi. Nikaona duara za zambarau, rundo tupu. Niliupaka mzito kwa haraka, si unajua, mtoto wangu. Nikaotesha wadudu kwenye kisahani chenye chakula chao cha damu. Kesho yake nikachota, nikadondoshea ile dawa ya kuoshea vidonda, ikatoa povu. Wa shanga hawatoi povu, wa zabibu ndio hutoa. Zabibu, basi. Nikaenda kumwambia daktari asimamishe sindano.

Nimefika mlangoni kwake, nikakusikia kabisa. "Povu la nani hilo?" Unakumbuka? Siku zile najifunza nilikuletea povu kwa furaha, ukacheka mpaka ukakaa chini. "Umemchota mdudu pamoja na damu yake, mama. Damu nayo inatoa povu." Ukanirudishia kijiti cha kuchotea.

Sikubisha hodi. Nilirudi, nikachota juu juu bila kugusa damu, nikadondoshea. Kimya. Hakuna hata tone moja la povu. Nikachukua usaha tena, nikaupaka mwembamba kama ulivyotaka wewe. Shanga, dada. Zimetungwa moja baada ya nyingine, mpaka nikashindwa kuangalia kwa machozi. Bwana maabara akainama naye, akasema ndizo.

Sindano hazikukatwa. Yona amewachukia wauguzi wote. Jana alimwambia yule mnene, "Nitakusemea kwa mama mkubwa Nyemo, atakuchoma wewe." Muuguzi akanitazama. Mimi nikajifanya natafuta kanga. Yona hajui, dada. Nilimwambia umesafiri, nikashindwa kuendelea.

Homa imeshuka. Leo asubuhi alikanyaga chini, akachechemea mpaka kwenye sufuria ya uji bila kuniita. Bado nimechoka, lakini leo nilikula.

Mguu ukipona nitamleta Bahi. Hatabebwa, atatembea kutoka barabarani mpaka ulipolala, na hapo nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono. Nakuahidi hilo. Pumzika sasa, dada. Kazi yako naishika mimi.

Mdogo wako,
Mama Yona