Shemeji Anaendesha kwa Mdomo Wangu

Mshauri wangu, nipe nafasi kidogo hapo ulipo, maana haya nikimwambia mke wangu hatalala, na nikimwambia bosi, shemeji yangu hatakula. Mimi ni mwongoza watalii hapa Wiltshire, umri umevuka nusu njia na kitambi kimetangulia, na kazi yangu ni kushika kipaza sauti ndani ya basi dogo nikiwasimulia watu mambo ya miaka elfu tano kana kwamba nilikuwepo, asubuhi kwenye duara la mawe la Stonehenge, mchana tunakula mkate na jibini kwenye baa, kisha Avebury, kijiji ambacho mawe ya kale yamesimama katikati yake na barabara inapita humo humo ikijikunja kama utumbo. Dereva ni Clifford, kaka wa mke wangu, mgane, na ndiye aliyeniombea kazi hii nilipokuwa nimeshindwa nyingine zote.

Siku nyingi nilidhani Clifford anapenda hadithi zangu, kwa sababu alikuwa akinilalamikia kwamba leo sikuongea vya kutosha, nami nikavimba kichwa, maana dada yake hajapata kuniambia hivyo tangu tuoane. Nikazidisha, kushoto kwenu sasa hivi kilima cha Silbury, mbele kidogo tunapinda kulia, pale penye ukuta barabara inabana, na kadiri nilivyozidisha ndivyo alivyoendesha kwa ulaini. Jumanne iliyopita tunaingia Avebury, bibi mmoja wa kiti cha mbele akaniuliza kama wale watu wa kale walikuwa na chai, nikageuka kumjibu, nikaacha kuitaja njia kwa pumzi mbili tatu, na basi halikukata kona. Likaenda moja kwa moja, jiwe kubwa kama nyumba linatujia usoni, na mbele ya jiwe mama anasukuma kigari cha mtoto. Nikasema, "Kulia, Cliff," naye akakata papo hapo bila kuuliza, kama mtu aliyekuwa akilingoja neno hilo tu.

Abiria wakajifanya wanatazama mawe, kwetu mtu afadhali afe kuliko aonekane anazusha rabsha. Tulipoegesha nikamfuata nyuma ya basi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu majira ya baridi katikati ya macho yake kuna ukungu, pembeni anaona, katikati haoni, na kwa daktari haendi kwa sababu leseni itakwenda.

"Wewe ongea tu, shemeji. Ukiongea, naona."

Nikamwambia huo ni wazimu.

"Wazimu ni kunikalisha nyumbani nitazamane na kiti cha Joan," akasema. Joan ni marehemu mkewe.

Jumamosi tuna safari nyingine, basi limejaa wazee wa chama cha wapenda bustani, na Clifford anataka nimwahidi nitaongea bila kupumua. Sikukubali wala sikukataa, nilimwambia tutaona, neno la kijinga kwa mtu wa hali yake. Nikimsema kwa bosi, nimemzika hai, naye ndiye aliyenilisha. Je, nikifanya safari hii moja tu, nimekaa karibu yake kabisa, kisha nizungumze naye taratibu?

Mwongeaji, Devizes

JIBU

Ndugu Mwongeaji, nilicheka pale pa chai, kisha nikaona aibu, kwa sababu yule mama mpaka leo hajui kwamba uhai wa mwanawe ulining'inia kwenye koo lako. Je, kama ungekohoa?

Hapana. Hakuna safari moja tu. Tangu Jumanne unajua, na anayejua naye ameshika usukani. Wala usijipambe kwa upole, bwana mkubwa: unaogopa macho ya Clifford yakikununia kuliko unavyoyaogopa yasipoona.

Halafu, nani amewaambia kwamba ukungu huo ndio mwisho wake? Huenda ni mtoto wa jicho, ambaye hutolewa. Huenda ni kitu kibaya zaidi, kinacholila jicho kila wiki mnayoendelea kukificha. Mimi sijui, wewe hujui, Clifford hajui. Anayejua ana kliniki, na hamjampigia simu.

Leo hii mwambie mkeo; ni kaka yake, ana haki. Nendeni wawili kwa Clifford. Mpe nafasi amwambie bosi kwa kinywa chake mwenyewe, na aiarifu mamlaka ya leseni kama sheria inavyotaka. Heshima yake iko hapo. Asipopiga simu kabla hamjaondoka, piga wewe, umekaa hapo hapo mbele yake, si nyuma ya mgongo wake. Bosi atatafuta dereva mwingine au ataahirisha. Mawe hayo hayaendi popote.

Kuhusu kile kiti cha Joan, hapo pana ugonjwa usio wa macho. Huyo haogopi kukosa kazi, anaogopa nyumba. Jumapili aje ale kwenu, na Jumapili nyingine pia, hata akija amenuna. Na siku ya daktari mpeleke wewe, wewe ndiye unayeendesha. Atakosoa gia zako, atakosoa kona zako, njia nzima.

Mwache aongee.