Dirisha la Paa Nililifunga

Jacky rafiki yangu, cha kwanza nilichoona ni kidole cha mtu wa bima. Alibonyeza ukuta wa lile gari la watalii lenye vitanda, na kidole kikazama kama kwenye ugali.

Akasema, "Bwana Wahome, ubao huu umekuwa ukioza kwa miezi. Bima hailipi kuoza. Inalipa ajali."

Wahome akanigeukia. Mimi, mwosha gari wake. "Ni huyu msichana. Juzi mvua ikinyesha aliacha dirisha la paa wazi."

Jacky, paa linavuja tangu mvua za El Niño. Nilimwambia, akaniletea sufuria nikinge maji. Yeye mwenyewe.

Sasa akaniletea karatasi na wino. "Weka kidole hapa, Nabiswa. Ni kawaida tu." Anadhani sijui kusoma. Nikaisoma polepole, neno kwa neno, wao wakiningoja. Imeandikwa kwamba nimekubali kosa ni langu.

Weka kidole, eti. Ni kawaida tu.

Nikasema, "Dirisha nililifunga. Sufuria ya kukinga maji iko chini ya kitanda, angalieni." Mtu wa bima akainama, akaitoa ikiwa na maji ya kutu.

Wahome akaniambia, "Kesho usije hapa."

"Siji."

Nimefika nyumbani, na sijuti.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Darasa la sita walisema nimeiba vitabu vya mwalimu. Nilinyamaza, nikaacha shule. Jacky, sikuviiba.