Kwa Mak Siu-hoi, Uliyezoea Kuamka

Mwaka umetimia, mdogo wangu, tangu ulale na mara hii usiamke.

Sisi tulikuwa tumezoea vingine. Uliimba kwenye kumbi za harusi za mtaani kwetu Mong Kok mpaka nyimbo zako zikawa zinasikika katika kila teksi, ndipo watu wa filamu wakakuita. Filamu ya kwanza walikucheka. "Anaimba vizuri, ila anaigiza kama nguzo ya umeme," muuza samaki alimwambia mama usoni. Mama akamjibu, "Nguzo hiyo ndiyo inayokuwashia taa, shoga."

Filamu ya pili ukapigwa risasi mwishoni, ukafa vizuri, ukumbi mzima ukalia. Basi. Tangu hapo kila mwongozaji alikuua. Ulizama, ulinyongwa, ulikufa kwa kifua kikuu huku bado unaimba. Mtaani wakawa wanakuuliza, "Kaka Hoi, leo unakufa saa ngapi?" Nawe: "Baada ya chakula cha mchana. Sifi na njaa tumboni mimi."

Kila ukifa, kampuni ilikupa bahasha nyekundu yenye pesa, kama ilivyo desturi, ili mauti ya kuigiza yasikufuate nyumbani. Ulinyanyuka sakafuni, ukaitazama kamera ukacheka, ukaipokea, na kilichomo ukakimaliza kabla ya kufika mlangoni kwa mama. Mara nyingi uliwanunulia chai ya maziwa na mikate ya nanasi wale wanaoanguka toka ghorofani badala ya mastaa. "Mimi nimelala tu," ulisema, "hawa ndio waliovunjika."

Waanguka hao walipogoma wapewe bima, nami nikiwa mbele na kipaza sauti, mastaa wenzako walijifungia kwenye magari. Wewe ulikuja ukaketi nasi chini, ukala wali wa boksi. Hilo sijalisahau. Na waliojifungia nawakumbuka mmoja mmoja.

Halafu sisi tukakufanyia hivi.

Moyo wako ulisimama kabla filamu ya mwisho haijakamilika. Mtayarishaji akaja msibani na kamera. "Dada Mak, mashabiki wanataka kumuaga. Dakika chache tu." Mama hakuwepo, kwetu mzazi hamsindikizi mwanawe. Mkeo Bik-wa akanitazama, maana katika nyumba hii mimi ndiye ninayejua kusema hapana. Sikuisema. Kamera ikaichukua picha yako juu ya maua, ikauchukua ubani, ikamchukua Bik-wa akiwa amepiga magoti.

Walipomaliza, mtu wao akanitia bahasha mkononi. Nyekundu, rangi ya heri. Msibani. Ni mazoea tu: Mak Siu-hoi amekufa mbele ya kamera, toa bahasha. Nami, kwa mazoea yaleyale, nikaipokea kwa mikono miwili nikasema asante.

Sasa filamu imetoka, na msiba wako ndio mwisho wake. Mama, ambaye desturi ilimzuia asikusindikize, ameuona msiba wa mwanawe kwenye skrini, nyuma yake watu wanatafuna bisi. Akauliza, "Nani aliwaruhusu?" Nikamwambia ni mimi. Mpaka leo chai nikimpa anaipokea akitazama dirishani.

Tulikwenda kuirudisha bahasha bila kuifungua. Mlinzi wa kampuni akarudi nyuma: "Hiyo imebeba mauti ya kweli, siigusi, dada. Nina watoto." Tukaomba kipande kile kikatwe. Wakasema hicho ndicho watu wanachokipenda.

Kwa hiyo, Siu-hoi, tumekubaliana na wale waanguka wako, na anayesoma tangazo hili asikie pia. Picha yako ya msibani ikitokea kwenye skrini, tutasimama tutoke, ukumbi hadi ukumbi, mpaka waikate. Wewe kila mara ulikuwa unaamka. Safari hii tutaamka sisi.

Unakumbukwa na mama yako Lo Kwai-ngo, mkeo Bik-wa, na mimi dada yako Suk-han, niliyenyamaza siku ile.

Hatutakusahau. Wala hatutaketi.