Mwewe Watatu na Kadi za Baba

4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yanakuruhusu kutembea, na ile dawa ya macho unaiweka kila asubuhi, si pale unapoikumbuka. Mimi ni mzima, ila kichwa kimejaa.

Najua kazi hii huipendi. Tangu nilipokwambia natafsiri maneno ya katuni ili waigizaji wayasome kwa Kiswahili, hujaniuliza hata mara moja inaendeleaje. Leo nakueleza bila kuulizwa, maana maji yamenifika shingoni.

Katuni yenyewe inaitwa Walinzi wa Lango. Ina miaka kumi na tisa, misimu minne, na michezo sita ya kuchezwa kwenye runinga. Kila mlinzi ana jina alilozaliwa nalo, kisha akiapishwa anapewa jina la lango. Akifa, jina hilo analirithi mwanafunzi wake. Kwenye michezo ndiyo balaa kabisa, huko wanaitana kwa namba za vyeo tu. Sasa kuna mzee anaitwa Mwewe, alikufa msimu wa pili. Msimu wa tatu nikaona jina Mwewe limeandikwa, nikampa maneno mwigizaji mzee aliyekuwa sauti yake. Kumbe Mwewe sasa ni msichana wa miaka kumi na mitano. Siku ya kuonyesha majaribio, binti kafungua mdomo, ikatoka sauti ya babu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkuu wa studio hakucheka. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi nilete orodha ya watu wote na majina yao yote. Nikikosea tena, kazi anapewa mwingine.

Nina majina mia sita na kumi na mawili. Watu ni wangapi, sijui. Wewe ulikaa chumba cha mafaili ya hospitali miaka thelathini na mmoja. Mlikuwa mnafanyaje?

Binti yako

7 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Magoti yapo, macho yapo, dawa naweka. Anayeipiga picha barua hii na kukutumia ni jirani yangu fundi redio, kwa hiyo usiandike siri za nyumbani. Anasoma.

Kosa lako nimeliona. Umefungua faili kwa jina. Sisi tungefanya hivyo tungezika watu walio hai. Mtu anakuja kliniki na jina la utotoni, kazini ana jingine, akiolewa jingine, akizaa anaitwa mama wa fulani, na zote ni damu ileile kwenye chupa ileile. Chukua kadi. Kadi moja, mtu mmoja. Juu andika namba, jina usiliweke hapo. Chini yake andika kila jina analoitwa, na pembeni mwa kila jina uandike ni nani anamwita hivyo, tangu lini, na mpaka lini. Halafu alama ya mwilini, kama kovu au jino lililovunjika.

Nitumie hiyo misimu yote na hiyo michezo. Fundi redio ana runinga kubwa ambayo mwenyewe hajarudi kuichukua tangu mwaka jana.

Baba

13 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Hapa hatujambo, ila dukani kwa fundi redio redio hazitengenezwi tena. Yeye anacheza, mimi naandika. Anakufa sana, na kila akifa tunarudishwa mwanzo, hivyo walinzi wa lango la kwanza nawajua kama wanangu wa kuzaa.

Nina swali. Kwenye mchezo wa pili yuko mama mwenye kovu shavuni, wanamwita Wa Tisa. Orodha ya majina uliyonitumia inasema Wa Tisa ndiye Mwewe mzee. Mimi naona si yeye. Tena msimu wa kwanza, nyumbani kwa yule mzee, picha ya mama huyuhuyu imetundikwa ukutani, kovu lilelile, shavu lilelile. Nadhani alikuwa Mwewe kabla yake. Waulize wenye katuni kwanza. Kadi yake sijaifunga.

Baba

15 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Wenye katuni wamejibu. Ni kweli, huyo mama alikuwa Mwewe wa kwanza, na mzee alikuwa mwanafunzi wake. Katuni hii imeshatafsiriwa kwa lugha tisa na hakuna mtafsiri aliyewahi kuwauliza hilo. Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Lakini fundi redio kaniandikia pembeni. Anasema unakaa kwenye kile kigoda mpaka miguu inavimba, na kadi ukishaimaliza unairudia tena tangu mwanzo. Baba, tafadhali. Hizi ni katuni. Usijiumize kwa ajili ya katuni.

Binti yako

19 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Miguu imepungua, na huyo mchongezi nimemsema.

Ngoja nikwambie kitu. Wewe ukiwa darasa la tatu, wanawake wawili walilazwa wiki ileile, majina yao matatu yanafanana yote. Mmoja alikuwa na presha, mwingine ni mjamzito. Nikatia karatasi zao kwenye faili moja. Mjamzito akapewa dawa isiyo yake. Alipona, na mtoto akazaliwa salama, ila kwa siku tisa nilikuwa napita nje ya wodi ile nikiogopa kuchungulia dirishani. Tangu hapo, kila siku baada ya kufunga nilibaki saa mbili nikipitia kadi za siku hiyo moja baada ya moja. Mkawa mnakula bila mimi. Mama yako alijua. Nilimwomba asiwaambie, niliona aibu.

Kwa hiyo sijiumizi kwa ajili ya katuni. Kuchanganya watu ndiko nisikokuweza.

Kadi zimekwisha, zote zimepigwa picha. Majina mia sita na kumi na mawili, watu mia mbili na kumi na wanne. Mwewe ni watatu.

Baba

2 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, tena shikamoo. Nisamehe kwa kimya hiki, nilikuwa sina la kukwambia mpaka mkuu aamue.

Picha za kadi nilizichapisha, na jana alikaa nazo saa nzima. Anachomoa yoyote, ananiuliza huyu ni nani msimu wa nne, nani anamwita hivi, tangu lini. Nikawa namjibu. Alipofika kwa yule mama mwenye kovu akaiweka kadi mezani, akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia, baba yangu, alikuwa mtunza mafaili hospitalini. Kazi imebaki yangu, Baba. Mkataba ni wa misimu yote minne na michezo pia.

Barua yako ya tarehe kumi na tisa nimeisoma nikalia, nikaisoma tena. Miaka yote nilidhani unayapenda mafaili kuliko sisi. Nilikuwa naangalia kiti chako mezani na nakasirika. Kumbe ulikuwa unahakikisha mama wa mtu mwingine harudi nyumbani maiti. Asante kwa kadi. Asante zaidi kwa zile saa mbili, na samahani kwamba nimechelewa kukushukuru.

Binti yako

6 Aprili

Binti yangu,

Marahaba, marahaba kabisa. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama.

Na mimi nina la kuungama. Watu hapa wakiniuliza unafanya kazi gani, nilikuwa nawajibu uko ofisini, basi. Niliona haya kusema katuni. Mtu mzima, nimesomesha mtoto, halafu katuni. Nisamehe, mama.

Tangu nistaafu hakuna aliyewahi kuniuliza jambo lolote zaidi ya hali ya magoti. Wewe uliniuliza tulikuwa tunafanyaje. Sijui kama unajua ulinipa nini.

Jana nilikuwa kwa kinyozi. Akaniuliza yule binti bado yuko ofisini? Nikamwambia hapana, anatafsiri katuni. Akacheka, katuni gani hiyo? Basi nikaanza. Nikamweleza Mwewe wa kwanza, wa pili na wa tatu, majina ya lango, namba za vyeo, na kwa nini Wa Tisa si yule wanayemdhania. Kinyozi kasimama na mashine mkononi, upande mmoja wa kichwa changu umenyolewa, mwingine bado. Wateja waliokuwa wakisubiri wakasogeza viti, mmoja akaomba nirudie pale penye picha ya ukutani.

Wakaniuliza, mzee, yote haya umeyajulia wapi? Nikawaambia nimefundishwa na binti yangu.

Baba yako