Kitabu Kisichofunguliwa

Jumapili, baada ya chakula

Eti hakisomwi! Ouma, ambaye tunakusanya naye vitabu vya katuni, leo ametuletea kimoja chake tukione. Alikituma Amerika kipewe gredi, yaani alama ya jinsi kilivyotunzwa, kikarudi kimefungiwa ndani ya plastiki ngumu.

Mama akakigeuzageuza. "Sasa hii inafunguliwa wapi?"

"Haifunguliwi, Mama. Ukifungua, gredi imeisha."

"Kwa hivyo ulilipa ndiyo usisome?"

Ouma akacheka, halafu akaniomba changu cha toleo la kwanza akitume pia. Bado kinaonekana kipya, akasema, kitapata gredi ya juu na bei itapanda, bora tu kisiguswe na kalamu.

Labda ni kweli. Labda nitajuta, sijui.

Lakini dada yangu anayeishi Katito hukiazima kila likizo, hukirudisha kikinuka samaki wa omena, na tunacheka pale pale tulipochekea mara ya mwisho. Plastiki itamchekesha nani?

Ouma alipotoka tu, nilichukua biro nikaandika jina langu ukurasa wa kwanza, kubwa, kama tulivyoandika kwenye vitabu vya shule.

Gredi ndiyo basi. Lakini kikipotea, kinajua kwao.