Ndiye Huyo Aliyeua

Jumanne, Nyakato

Hasira bado hazijaniisha. Tangu wifi Kabula ahamie kwetu kutoka Misungwi, tunakaa sebuleni kimya kama abiria wanaosubiri kivuko. Nikaona nimpendekezee ile tamthilia yangu ya upelelezi, tupate cha kuongea. Nikamwonya, "Wifi, humo usimwamini mtu."

Kumbe duka la filamu limemwekea kwenye flashi ile iliyotafsiriwa na dijei, anayesimulia kwa Kiswahili juu ya waigizaji! Dijei mwenyewe ameshaiona yote. Muuaji anaingia tu na maua yake, jamaa anapiga kelele juu ya sauti: "Mtazameni huyu, ndiye aliyeua!" Sehemu ya kwanza! Mimi niliyemshuku mpishi mpaka mwisho!

Nimemuuliza wifi kama hakukasirika. Akacheka. "Nikasirike nini? Nimeangalia kwa amani."

Amani! Mimi nilitaka tubishane, tushuku watu pamoja, angalau tuzoeane.

Kisha akanipa flashi. "Msimu wa pili huo, wifi. Nimekuwekea na wewe."

Huo sijauona. Nilifurahi mpaka nikainuka kumshukuru.

"Ila yule daktari," akasema, "mtazame vizuri."