Sindano ya Mwisho ya Kuzuia Kutapika

Yaya Kabedi, dada yangu mkubwa,

Baridi ya Likasi inauma, lakini hasira yangu haijapoa. Mama alipasuliwa tumbo leo asubuhi, akaamka anatapika, ameshika mishono kwa mikono miwili. Nikaomba ile sindano ya kuzuia kutapika. Muuguzi akaangalia chini: "Haiko tena, dada. Ya mwisho tulimupiga bwana directeur, mukubwa wa hospitali. Jana alilewa sana ku fete, ile sherehe ya chama."

Mtu ambaye hakupasuliwa hata jipu!

Mama ananiomba nikuandikie tu kwamba samaki wa ziwa Tshangalele ni watamu. Yeye mwenyewe hajaweza kumeza hata maji.

Anawabusu watoto wako wote. Kadi haina bahasha, na najua huko posta wanasoma. Wasome mpaka watapike na wao.

Mdogo wako,
Ngoie